Picha ya Chula Ukutani kwa Mke Mwenzangu

Nyumba zetu hapa Kismayo zimeshikana. Ukuta wa kati ni mmoja, na marehemu mume wetu aliujenga hivyo makusudi, ili zamu ikigeuka asihangaike kwenda mbali. Basi mke mwenzangu akiwa na kitu cha kunionyesha, huupiga ukuta ule kwa mchi. Kanunua pazia, ngo ngo ngo. Kaletewa godoro, ngo ngo ngo. Mie nikisikia mchi najua leo kichwa kitaniuma.

"Njooo, mwenzangu, uone alichonifanyia mjukuu wanguu!"

Hivyo ndivyo asemavyo, sauti nyembamba, mwisho anaivuta kama mtu avutaye mshipi na samaki hayumo. Nikajifunga leso, nikaenda. Siku zote nasema siendi, na siku zote naenda.

Nikakuta picha ukutani, kubwa, upana wake kama ubavu wa kitanda. Na mchoraji mwenyewe kasimama pembeni, kucha zimejaa rangi. Huyu ni binti ya binti yake, kakulia Mombasa, na huko ndiko alikosomea kuchora. Alikuwa amekuja kutuona, akapelekwa kisiwani Chula kwa mashua, akakaa huko kwa jamaa zetu. Kila asubuhi anashuka pwani na mwavuli na kigoda na makopo yake ya rangi, anakaa kutazama maji. Watu wa Chula walidhani anapima ardhi. Kuna mzee alimwendea na hati ya shamba lake, amwambie mpaka uko wapi.

Nikaisogelea ile picha mpaka pua ikagusa. Sikuona kitu. Madonge. Rangi imepakwa juu ya rangi, hapa imevimba, hapa imekwaruzwa, kama ukuta wa jikoni kwa mtu mvivu.

"Huu uji nani kaumwaga?" nikasema.

Mjukuu akacheka. Yeye ana ile sauti ya Mombasa, ya haraka, nusu inapitia puani. "Bibi mkubwa, umekaribia sana. Hebu rudi nyuma."

Mimi ndimi bibi mkubwa. Mwenzangu ni bibi tu, bila ukubwa. Nikarudi nyuma hatua.

"Tena, bibi mkubwa."

Nikarudi.

"Tena kidogo."

Kisigino kikagonga kizingiti. Chumba cha mwenzangu ni kidogo na kimejaa makochi. "Tena," kasema yule mtoto, nami nikajikuta nje kabisa, kichochoroni, nimesimama na mbuzi wa jirani. Nikainua macho.

Wallahi, ilikuwa Chula.

Si mfano wa Chula. Chula yenyewe, asubuhi ya saa nne, maji yametoka. Mashua imeinuliwa mchangani kwa magogo, tumbo limeelekea kwetu, na nyuma yake bahari imelala kwa mikanda. Mkanda wa karibu ni kijani kama ganda la ndimu changa. Wa pili una kama maziwa ndani yake. Wa mbali ni buluu nzito ya nili. Na hakuna mstari uliochorwa baina yao, rangi zenyewe zinafika mahali zinakomeana. Mchanga wetu ukiniuliza nitakwambia ni mweupe. Yule mtoto hakupaka mweupe! Kaweka waridi, kaweka manjano, kaweka rangi ya majivu, na weupe kautia pale tu ambapo jua limepiga. Na macho yangu yakaona mchanga mweupe. Aliyadanganyaje, sijui.

Kivuli cha ile mashua ndicho kilichonikasirisha. Kakipaka zambarau. Nikasema moyoni, hapa umekosea, mwanangu, kivuli cheusi, mie nimekaa kwenye kivuli cha mashua ujana wangu wote. Kisha nikatupa jicho chini, kwenye kivuli cha yule mbuzi. Nikatazama vizuri. Mbuzi akanitazama na yeye. Kivuli chake kilikuwa zambarau.

Na kando ya mashua kuna mwanamke.

Ukitaka kujua alivyochorwa: kichwani pako moja la brashi, la rangi ya chungwa, hilo ndilo leso. Chini yake pako refu la buluu iliyokolea. Halafu mkono, rangi ya kahawia, umevutwa mara moja tu kwenda juu kwenye tumbo la mashua. Basi. Uso hana, macho hana, hata pua hana. Lakini anapaka deheni, ile chokaa iliyopondwa na shahamu ambayo mashua hupakwa tumboni isiliwe na wadudu wa baharini. Namna mkono ulivyokwenda juu, bega limesukumwa nyuma, hawezi kuwa anafanya jambo jingine. Na ubavuni mwake kuna mwanamume kainama. Yeye hata mkono hakupewa. Ni mgongo tu.

"Ndimi huyoo," kasema mwenzangu, amekaa kwenye kochi lake chini ya picha, kidole kimeelekea juu. "Mimi na marehemu."

Hasira ikanipanda.

Ngoja nikweleze, usije ukasema bibi huyu ana roho mbaya bure. Chula ilikuwa yangu. Mimi ndiye nilikuwa Chula wakati mume wetu anaunda mashua pale pwani. Nimeponda chokaa mimi. Nimechanganya shahamu mimi. Wanaume wakipaka kwa matambara, mie nikipaka kwa kiganja, kwa sababu kiganja kinajua wapi ubao una shimo. Huyu bibie aliletwa baadaye. Mume wetu alipeleka mashua Kismayo kuuza, akarudi bila mashua, na habari ya harusi. Na alipokuja Chula mara ya kwanza, kwa Idi, kajifukiza udi tangu mguuni mpaka kichwani, aliteremka mashuani na ncha ya buibui puani. "Jamani, harufu gani hiii? Mnaishije?" Akalala kwetu siku za Idi, akarudi mjini na ncha ya buibui palepale. Mimi nililetwa huku Kismayo baadaye, ukuta huu ulipojengwa.

Sasa mtu kama huyo, aliyeziba pua, ndiye anayepaka deheni?

Lakini sikumwuliza mchoraji. Ulimi ulikuwepo mdomoni, mate yalikuwepo, swali lilikuwepo. Niliogopa jawabu. Yule ni damu yake. Mtoto akichora mwanamke, atamchora bibi yake aliyemzalia mama, au atamchora mke mwenza wa bibi yake? Nikaona nikiuliza nikaambiwa ni yeye, basi Chula imekwenda, na miaka yangu imekwenda nayo, na yule mwanamume asiye na mikono kaenda nayo pia. Alikwisha kuniondoka mara moja, alipofia nyumbani kwa mwenzangu, zamu yake. Nisingemtoa mara ya pili. Mjukuu akapanda gari kurudi Mombasa nami sijauliza.

Ikawa mtaa mzima unakwenda kwa mwenzangu kutazama picha. Jirani yetu Msomali mwenye duka la nguo alikuja, mama mnene, Kiswahili chake kinaruka ruka kama gari barabara mbovu, na kila mwanamke humwita abaayo, dada. Akaingia, akatazama kwa karibu. "Abaayo! Hii bahari gani? Samaki hata moja hakuna!" Mwenzangu akamwonyesha kidole, ndimi huyo. Yule mama akatazama mapako mawili, akamtazama mwenzangu alivyojaa kwenye kochi, akarudi kwenye mapako. "Walahi, abaayo, umenenepa."

Nilicheka mpaka nikashika mlango.

Kisha mtu kaenda kumchongea kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, kwamba nyumba ile kumetundikwa sanamu ya mtu. Mwalimu akaja baada ya swala, mikono nyuma. Huyu kila neno hulitangulizia kikohozi. "Mmh. Hii ndiyo? Mmh. Uso uko wapi?"

"Hana uso, mwalimu," kasema mwenzangu.

"Mmh. Macho?"

"Hana."

"Mdomo?"

"Hana, mwalimu."

"Basi huyu si mtu. Mmh. Hii ni rangi. Msisali mbele yake, lakini ni rangi."

Mwenzangu angenyamaza hapo mambo yangekwisha. Hawezi. "Si mtu vipi, mwalimu? Ndimi huyo!"

Mwalimu akageuka polepole. "Mmh. Ukiwa ndiwe, iteremshe."

Ungemwona! Akanitazama mie mlangoni, akamtazama mwalimu. "Ni... ni rangi, mwalimu." Mwalimu akaenda zake. Tangu siku ile, akitaka kusema "ndimi huyo" kwanza huchungulia kichochoro, kisha husema kwa kunong'ona. Lakini husema.

Nami nikawa kila alasiri nakwenda. Nilijiambia nakwenda kumnyima raha. Kweli ni kwamba ile picha ilinishika. Sikai kochini, ukikaa kochini huoni. Nasimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja kichochoroni, kama anayesubiri kupewa unga. Nimetazama mpaka nikaujua mkono wa yule mtoto. Mahali pa mawingu alikuwa na haraka, kavuta brashi kwa ubavu, nywele za brashi zimeacha mistari kama kitana, na unywele mmoja umebaki humo humo umeganda. Mahali pa maji hakuvuta. Kapigapiga, pako fupi, pako fupi, kama mtu anayeupiga unga wa mkate wa mofa kwenye kiganja, ndiyo maana maji yanacheza. Pale povu linapofika mchangani alitupa brashi akashika kisu. Rangi nyeupe kaibandika nene, kaikata, makali ya kisu yapo. Taa ikiwashwa lile povu lina kivuli chake lenyewe.

Na lile pako la chungwa kwenye leso, hilo kaliweka mara moja hakurudi. Kando yake kuna buluu tupu, na kwa sababu hiyo linaruka. Ukilifunika kwa kidole, kwa mbali hivi, jicho moja umefumba, bahari yote inalala. Ukiondoa kidole, inaamka. Mwanamke mmoja, pako moja, anaamsha bahari. Nani asingetaka kuwa yeye?

Na mwenzangu amekaa chini yake, amempa kisogo, anachambua mchele. Hajawahi kurudi nyuma hata siku moja akaitazama! Hilo lilinila kuliko lile la kusema ndimi. Anacho na hakitazami. Hata mume alikuwa akimfanyia hivyo hivyo, anamwekea chakula huku anaongea na jirani dirishani.

Mvua zikaja. Ukuta wetu ule wa kati hunywa maji, upande wangu na upande wake. Alasiri moja nikaona kwenye mbingu ya picha kumetoka madoa meupe. Mwenzangu akasema ni mawingu. Nikamwambia mawingu hayaoti manyoya. Ilikuwa kuvu. Akapangusa kwa leso, ikarudi. Akafukiza udi, ikarudi. Nikaenda zangu nina uchungu, na, nisikufiche, kidogo nilifurahi.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, harufu ikapita ukutani. Ewe! Harufu ninayoijua mimi. Nilisimama katikati ya chumba na ufagio mkononi, nikadhani nimekufa nimerudi Chula. Kisha mchi, lakini siyo ngo ngo ngo ile ya kujionyesha. Ngo. Kimya. Ngo.

Nikamkuta kasimama mbele ya picha, mikono inatiririka mafuta mpaka viwikoni, pamba mkononi, chupa sakafuni. Kaipaka sifa. Mafuta ya ini la papa, yale ambayo mashua hupakwa ubavuni mbao zisipasuke. Kaagiza kwa wavuvi, kaipaka picha nzima tangu mbinguni mpaka mchangani.

"Marehemu alikuwa akisema," kaniambia, na sauti haikuvutwa hata kidogo, "kitu cha baharini ukitaka kidumu, kipake sifa."

Kweli alikuwa akisema. Alikuwa akisema na kwangu. Sikumcheka. Iliniuma kwamba alilishika neno lake, mimi nikadhani lile neno lilikuwa langu peke yangu.

Chumba kikawa hakikaliki. Mama wa duka la nguo alifika mlangoni, akasema "Hooyo!" yaani mama yangu, akarudi. Makochi yakashika harufu. Mwenzangu akavumilia siku, na siku, ncha ya buibui puani ndani ya nyumba yake mwenyewe, macho yanamtoka machozi. Mwishowe akaja kwangu bila kupiga ukuta, kaibeba picha kichwani kama sinia.

"Chukua wewe. Nyinyi watu wa visiwani mmezoea."

Nikaipokea, mdomo nimeufumba. Ningefungua mdomo ningecheka, na angebadili shauri.

Niliitundika uani, chini ya upenu wa jiko, mvua haifiki. Nikarudi nyuma. Nina uwanja mimi, narudi nyuma mpaka lango la nje. Na ile sifa, amini usiamini, ilikuwa imeziamsha rangi. Ile nili ya mbali ilikuwa imeshuka chini kabisa, kama kina kirefu. Kijani kililowa. Tumbo la mashua liling'aa kama lililopakwa sasa hivi. Tena inanuka kama inavyotakiwa kunuka. Nikakaa na kahawa yangu nikasema, haya, leo ndimi huyo, nani atabisha?

Alibisha alasiri ileile. Mlango, hodi, na ncha ya buibui puani. Kavuta kigoda akakaa mbali, kule langoni, kwa sababu ya harufu. Na kwa kukaa mbali, kwa mara ya kwanza tangu apewe picha ile, akaiona. Nilimwangalia alivyoiona. Buibui iliteremka puani yenyewe.

"Mwenzangu," kasema, "mbona ni bahari?"

Tangu hapo haondoki. Kila alasiri yupo, kahawa yangu, tende zangu. Akija jirani, anamnong'oneza: imetundikwa hapa tu kwa ajili ya hewa, lakini yule ndimi. Nami nasema yule ndimi, na huyu hajawahi kushika chokaa maisha yake. Tukapandishiana sauti mpaka jirani anaaga.

Juzi nikamwambia basi. Tumpigie mjukuu wako, atukate maneno. Nilimwona akasita. Kumbe na yeye alikuwa na hofu ileile! Lakini kashaniona nimemwona, hakuweza kurudi. Akapiga, ile simu ya kuonana uso kwa uso. Mtoto akatokea Mombasa, brashi mdomoni. Tukamgeuzia simu aione picha.

"Bibi! Mbona inang'aa hivyo? Mmeifanya nini?"

"Imekunywa dawa," nikasema haraka. "Tuambie kitu kimoja. Huyo mwanamke hapo kwenye mashua. Ni nani?"

Mwenzangu akanishika mkono. Sikuutoa.

"Yule?" kasema mtoto. "Ni dada mmoja wa palepale Chula. Alikuwa anapaka mashua na mumewe asubuhi zote nilizokaa. Jina sikumwuliza. Alikuwa ananitania, bibi mkubwa, siku nzima! Anaigiza ninavyokaa na mwavuli wangu, mpaka mumewe anaangusha tambara kwa kucheka."

Kuku walipita. Nilitazama lile pako la chungwa, nikafikiri, sasa hivi ni saa za kukusanya vyombo pale, mikono yake imejaa chokaa, na yule mwenye mgongo anageuka na ana uso. Anaye mumewe mbele yake, mzima. Kwa miaka nilimwonea wivu mwanamke anayekaa nyuma ya ukuta wangu, namjua mpaka kikohozi chake. Huyu simjui, na wivu uliopanda ulikuwa mkubwa zaidi, hauna hata mahali pa kuugongea mchi.

Mwenzangu ndiye aliyeuliza kwanza. "Ni mzuri?"

"Mzuri, bibi! Mzuri mno."

Sote wawili tukaisogelea ile simu, kichwa kwa kichwa, tukauliza pamoja:

"Kama nani?"

Akaanza kucheka, akacheka mpaka simu yake ikaanguka tukawa tunaona dari, na mtandao ukakatika. Tumempigia tena jana, tumempigia na leo. Mwenzangu anasema hapokei kwa sababu anaona haya kumtaja yeye mbele yangu. Mie namwambia anywe kahawa.